Mlango wa Uani na Madirisha ya Jiko: Namna ya Kuchagua

Mtu apitaye njiani akitaka kuisifu nyumba, husimama mbele ya baraza akatazama mlango mkubwa. Ni wachache wazungukao nyuma. Kwa hiyo mlango wa mbele huchaguliwa kwa shauri la siku nyingi, na fundi bora hutafutwa. Lakini mlango wa uani, ule wa jikoni, huundwa kwa mabaki ya mbao, na dirisha la jiko huzibwa kwa gunia au kwa debe lililokunjuliwa. Hali mwenye jiko hupita mlango wa mbele mara chache kwa siku, na ule wa uani hupita mara zisizohesabika, ndoo ya maji kichwani, mzigo wa kuni begani, au sufuria ya moto mkononi na mtoto mgongoni.

Somo letu la leo ni namna ya kuchagua mlango mpya wa uani na vifuniko vya madirisha ya jiko, wakati vile vya zamani vimechakaa. Wengine watasema kwamba jambo hili ni dogo mno kuandikwa. Nawaomba wasome kwanza, kisha wahukumu.

1. Kosa langu mwenyewe

Sina haja ya kutoa mfano wa mtu mwingine, maana ninao wangu. Mlango wetu wa uani ulikuwa wa mbao nyepesi, na mchwa walikuwa wameula tangu chini hata magotini. Usiku mmoja mwizi aliutia bega ukaanguka, naye akachukua sufuria mbili na debe la mchele. Asubuhi nilighadhibika sana, nikaapa kwamba hataingia tena. Nikaagiza mlango wa bati lililopigiliwa juu ya mbao mbichi, wa kufungukia ndani, na nyuma yake pingo la mti mnene. Dirisha moja nikalipigilia mbao kwa misumari. Dirisha la pili nikalitundikia karatasi ya nailoni ili kuzuia mvua. Nilipomaliza niliona nimeshinda.

Mwizi kweli hakurudi, lakini moshi uliokuwa ukitoka zamani sasa ulikaa ndani. Mama watoto akaanza kukohoa usiku, na mtoto wetu mdogo macho yake yakawa mekundu kila siku. Mama watoto aliniambia, "Baba watoto, jiko limekuwa tanuru." Nami nilimjibu kwamba ni afadhali moshi kuliko mwizi. Jibu hilo nalikumbuka kwa haya.

Masika ilipofika, zile mbao mbichi zilivimba, na pingo likakaza katika vishikizo vyake. Jioni moja mafuta ya kukaangia yalishika moto, moto ukarukia ile nailoni, ikaanza kudondoka matone yawakayo. Mama na mtoto walikuwa upande wa mlango wa uani, na moto ulikuwa kati yao na mlango wa kuingilia nyumbani. Pingo halikunyanyuka. Jirani alisikia kelele, akaja na shoka, akapasua zile mbao nilizozipigilia dirishani, nao wakatolewa hapo, mama akiwa ameungua mkono, na mtoto mzima. Mwizi aliniibia sufuria mbili. Lakini mlango nilioutengeneza kwa hofu ya mwizi ulikaribia kuniibia watu wawili.

2. Swali la kwanza si mbao gani

Baada ya hayo nilikwenda kwa fundi seremala mmoja, mzee aliyefanya kazi hiyo tangu ujana wake. Nikamwambia nataka mlango mpya, nikamwuliza mbao ipi ni bora. Akanijibu, "Bwana Karani, usiniulize mbao kwanza. Niambie kitu gani kipite mlangoni hapo, na kitu gani kisipite."

Kwa kuwa kazi yangu ni ya kalamu, nilichukua daftari nikagawa ukurasa kwa mistari, kama tufanyavyo katika hesabu. Nikapata safu tatu.

Safu ya kwanza, vipasavyo kutoka: moshi, mvuke, joto, hewa ya sumu ya mkaa, gesi ya mtungi ikivuja, na mtu wakati wa hatari.

Safu ya pili, vipasavyo kuingia: mwanga, hewa safi, na mpishi mwenye mzigo.

Safu ya tatu, visivyopasa kuingia: mwizi, mvua, kuku na mbuzi, panya, nyoka, nzi na mbu.

Nilipoitazama hesabu hiyo, niliona kwamba mlango wangu wa bati ulitimiza sehemu ya safu ya tatu tu, na zile mbili nyingine uliziua kabisa. Hilo ndilo kosa la wengi wetu. Twachagua mlango kwa kumfikiri mtu wa nje, nasi twamsahau mtu wa ndani. Kila shauri litakalofuata hapa latoka katika daftari hilo.

3. Moshi, na mahali pa kuutolea

Watu husema kwamba moshi wa jikoni ni wa desturi, na bibi zetu waliishi nao. Ni kweli waliishi nao, na wengi walikufa kwao pia, ila hakuna aliyehesabu. Siku hizi wamehesabu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kwa sababu ya moshi wa majumbani, na katika hao watoto wa chini ya miaka 5 walikuwa zaidi ya 237,000. Moshi huo huleta homa ya mapafu kwa watoto, na kwa watu wazima huleta ugonjwa wa moyo, kiharusi, na maradhi ya kifua yasiyopona. Mama na mtoto aliye mgongoni ndio waupatao zaidi, maana ndio wakaao karibu na meko.

Basi yatupasa kujua tabia ya moshi. Moshi una joto, kwa hiyo hupanda juu. Ukikuta tundu karibu na paa utatoka. Usipolikuta, hujaa kuanzia juu ukashuka hata kufika usawa wa kichwa cha mpishi. Lakini hautatoka vema kama hakuna hewa ya kuingia chini kushika mahali pake. Ndiyo sababu jiko lataka njia mbili: moja ya chini, ambayo ni mlango au dirisha, na moja ya juu, ambayo ni tundu la paa au nafasi ya upenuni. Dirisha moja peke yake, hata likiwa kubwa, halifanyi kazi ya madirisha mawili yanayotazamana.

Angalia pia upepo wa mahali pako. Huku pwani kaskazi huvuma tangu Desemba hata Machi, na kusi tangu Aprili hivi hata Septemba. Tundu la moshi likitazama upande upepo utokako, moshi hurudishwa ndani. Kwa hiyo ni vizuri liwepo tundu pande mbili, kila moja na kifuniko chake, ili lile linalopigwa na upepo lifungwe na la pili lifunguliwe.

Kwa kipimo, wajenzi wengi hufuata kanuni hii: nafasi ya madirisha isipungue sehemu 1 ya 10 ya sakafu. Jiko lenye mita 3 kwa mita 3 lina sakafu ya mita za mraba 9. Hivyo lataka madirisha yenye jumla ya mita ya mraba 0.9. Madirisha mawili, kila moja sentimita 75 kwa 60, yatatimiza hesabu hiyo. Ukitia wavu wa wadudu, ongeza kidogo, kwa sababu nyuzi za wavu hupunguza hewa.

4. Umbo la mlango

Fundi alinionyesha mlango ambao sikupata kuufikiri: mlango wa vipande viwili, cha chini na cha juu, kila kipande na bawaba zake. Wakati wa kupika, kipande cha chini hufungwa na cha juu huachwa wazi. Hapo moshi hutoka na mwanga huingia, lakini kuku hawaingii, mbuzi haingii, na mtoto atambaaye hawezi kutoka kwenda kisimani wala kuingia ghafula akitoka uani kuufuata moto. Usiku vipande viwili huunganishwa kwa komeo la ndani, vikawa mlango mmoja. Kwa jiko la kuni sijaona umbo lifaalo kuliko hili.

Sharti moja lisisahauliwe. Kila kipande kiwe na komeo lake kwenye mwimo, zaidi ya lile la kuviunganisha, au mwizi atakisukuma kile kilicho dhaifu.

Sasa swali la upande wa kufungukia. Milango yetu mingi hufungukia ndani. Kwa mlango wa uani wa jikoni, nje ni bora. Watu wakikimbia moto husukuma mbele. Mlango wa kuvutia ndani huzuiwa na miili yao wenyewe. Tena mvua ya upepo hukaza mlango ufungukao nje katika fremu yake, wala haiusukumi ndani. Lakini hapa mwizi ana hila: bawaba za mlango wa namna hiyo huwa nje, naye aweza kuchomoa pini zake. Dawa yake ni bawaba ambazo pini zake zimefungwa zisichomoke. Au fundi atie chuma kifupi kinene katika ubavu wa mlango upande wa bawaba, kiingie katika tundu la mwimo mlango ufungwapo. Pini zikichomolewa, mlango bado utashikwa.

Upana wa sentimita 90 wafaa kwa mtu mwenye mzigo wa kuni. Mlango mzito wa kipande kimoja utiwe bawaba 3, si 2, nazo zishikwe kwa parafujo, si kwa misumari, maana msumari hung'oka kidogo kidogo kila mlango upigwapo na upepo.

Mlango wa mbao zilizosimama huwa na mikanda ya kulala nyuma yake, na ubao mmoja wa mshazari. Wengi huuweka mshazari huo vyovyote. Siyo. Mguu wa mshazari lazima uwe chini, upande wa bawaba, na kichwa chake kiwe juu, upande wa komeo. Hapo uzito wa mlango huegemea mshazari, nao husukuma kuelekea bawaba zilizo imara. Ukigeuzwa, mlango utalegea pembeni, na baada ya masika moja utakwaruza sakafu. Mwulize fundi kabla hajapigilia, maana baadaye ni hasara.

Kuhusu komeo, nina kanuni moja niliyoinunua kwa gharama: mtoto wa miaka 7 aweze kulifungua gizani kwa mkono mmoja. Mjaribu mtoto wako mwenyewe, huku umemfumba macho kwa kitambaa. Akishindwa, badili komeo. Wala usifunge kufuli upande wa ndani ukaenda kulala na ufunguo chini ya mto. Wala usimfungie mtu ndani kwa kufuli la nje, hata kwa nusu saa, kwa kuwa moto hauna saa.

5. Mbao, mchwa na maji

Sasa twaweza kuulizana mbao. Mvule na mtiki hustahimili mchwa vema, na mninga una sifa kubwa ya kutovimba wala kunywea sana majira yabadilikapo; kwa hiyo ni mbao nzuri mno ya mlango, ingawa bei yake ni kubwa. Huku Muheza twapata mtiki uliopandwa katika msitu wa Longuza. Katika nchi za baridi za juu mwerezi hudumu miaka mingi. Mbao za msonobari, kama zile zitokazo Sao Hill huko Mufindi, ni rahisi na nyepesi kupigwa randa, lakini mchwa huzipenda. Zisitumike bila kutiwa dawa kiwandani, na hata hivyo zisiguse udongo.

Mbao bora ikiwa mbichi ni mbaya kuliko mbao hafifu iliyokauka. Ubao mbichi utanyauka wakati wa kiangazi ukaacha nyufa, au utapindika ukakataa kufunga. Jaribu hivi: pima kipande kwenye mizani, ukiweke kivulini penye upepo kwa juma moja, kisha kipime tena. Uzito ukiwa umepungua, ubao haujawa tayari.

Mchwa hupanda kutoka ardhini. Kwa hiyo jambo la maana kuliko jina la mti ni kwamba miimo na kizingiti cha chini visiguse udongo. Jenga kidaraja cha mawe au saruji chenye kimo cha sentimita 15, miimo isimame juu yake. Hapo mchwa hulazimika kujenga njia yao ya udongo mahali paonekanapo, nawe utaiona na kuivunja. Kila mwezi gonga miimo kwa kidole. Ikilia kama ngoma tupu, mchwa wamo.

Watu wengine hupaka mlango oili chafu ya magari. Mlango wa ua haudhuriki sana. Lakini jikoni, karibu na moto na chakula, sishauri kabisa. Ukipaka rangi, uliza kama rangi hiyo haina madini ya risasi, maana madini hayo yakiingia mwilini mwa mtoto huharibu akili yake, na watoto hutafuna vipande vya rangi vibandukavyo.

Chini ya mlango acha nafasi ndogo kuliko unene wa kalamu ya risasi, maana tundu la kiasi hicho lamtosha panya mdogo. Wazee wa Lushoto hawahitaji kuambiwa habari hii. Tauni ilizuka kwao mwaka 1980, ikarudi mara kwa mara kwa zaidi ya miaka 20, nayo huletwa na viroboto vya panya. Ukanda wa bati uliopigiliwa chini ya mlango, upande wa nje, utawazuia wasitafune mbao.

6. Vifuniko vya madirisha

Hapa kuna mambo manne ya kuchagulia, na kila moja lina faida na hasara yake.

Kioo huleta mwanga na kuzuia mvua, lakini dirisha la kioo lisilofunguka huzuia moshi pia. Kwa jiko, kioo kifae pale tu dirisha lifungukapo lote.

Pazia la kitambaa huleta uzuri, lakini jikoni hunywa mafuta na masizi, kisha hungoja moto. La nailoni ni baya zaidi, maana huyeyuka na kudondoka likiwaka, kama nilivyoona kwa macho yangu. Atakaye pazia kwa ajili ya sitara, na atie fupi, la pamba, lisilopepea, katika dirisha lililo mbali na meko kwa mita 1 au zaidi.

Ubao mzima wa kufungwa huzuia mwizi usiku, ila mchana wa mvua humlazimisha mpishi kuchagua kati ya kulowa na kufunga. Shida hiyo huondoka ikiwa ubao utatiwa bawaba juu, si ubavuni, na kusukumwa nje kwa kijiti. Hapo huwa kama kipaa kidogo: maji hutiririka nje, na hewa hupita chini yake.

Ubao wa vipande vilivyolala kimshazari, kama watu wa mjini wafanyavyo, hupitisha hewa usiku kucha bila kumwonyesha mtu wa nje yaliyo ndani. Vipande vielekee chini upande wa nje, la sivyo vitakuwa michirizi ya kuleta mvua jikoni. Havifai karibu sana na meko, kwa kuwa kuvisafisha masizi ni kazi ya nusu siku.

Nondo za chuma ni kinga nzuri ya mwizi, lakini dirisha lenye nondo si njia ya kutokea tena. Aliyetia nondo madirisha yote amebaki na mlango peke yake, na mlango huo yampasa kuutunza kama mboni ya jicho.

7. Wavu wa nzi na mbu

Habari ya wavu wa dirishani si mpya. Mwaka 1897 Ronald Ross aliona vidudu vya malaria ndani ya mbu huko Bara Hindi. Mwaka 1900 madaktari Louis Sambon na George Low walikwenda Italia, karibu na Ostia, mahali palipojulikana kwa malaria, wakakaa majira yote ya homa katika kibanda cha mbao chenye wavu wa waya milangoni na madirishani. Mchana walitembea watakavyo. Kabla ya jua kutua waliingia ndani, wasitoke hata kulipokucha. Hawakunywa dawa ya kinga. Wakazi wa pande zile waliugua, nao hawakupata homa.

Katika Afrika jambo hilo lilijaribiwa kwa uangalifu huko Gambia, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 2009. Nyumba zilizotiwa wavu milangoni na madirishani, na kuzibwa upenuni, ziliingiwa na mbu pungufu kwa zaidi ya nusu. Katika nyumba zisizo na wavu, watoto 19 katika kila 100 walikuwa na upungufu wa damu. Katika zile zenye wavu walikuwa 12.

Nanyi mtaniuliza, wavu wa jikoni una faida gani ikiwa twalala chumbani? Faida yake ni kwamba mwanzo wa usiku, saa 1 na saa 2, familia nyingi huwa jikoni. Tena nzi wa mchana huleta uchafu wa chooni kwenye chakula, na wako nzi wengine watuao machoni mwa watoto na kueneza ugonjwa wa vikope, ambao huweza kumaliza kwa upofu. Lakini wavu wa jikoni hauondoi haja ya chandarua kitandani. Wala msimtegemee moshi kuwafukuza mbu; moshi humwumiza mtoto kwa hakika, na mbu kwa bahati.

Chagua wavu wenye vitundu 16 katika kila inchi, kwa urefu na kwa upana. Karibu na meko uwe wa waya, si wa plastiki. Pwani waya wa chuma cha kawaida hushika kutu upesi, afadhali alumini. Na jambo kuu ni hili: wavu usipigiliwe ukutani. Utiwe katika fremu yake nyepesi, ishikwe kwa vijino viwili vya mbao, ili itolewe na kuoshwa kwa maji ya moto na sabuni kila baada ya majuma mawili. Wavu ulioziba masizi ni sawa na ukuta.

8. Mkaa na gesi

Walioacha kuni wasidhani hawahitaji tundu. Mkaa hauna moshi mwingi, lakini hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwa ajili ya joto, wala jiko lisifungwe kabisa wakati mkaa unawaka.

Gesi ya mitungi ina tabia nyingine: ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini kama maji. Tundu la juu haliitoi. Basi mwenye mtungi wa gesi na atoboe tundu la chini ukutani, karibu na sakafu, litokalo nje, na kulifunika kwa wavu mgumu wa chuma ambao panya hapenyi. Akisikia harufu yake asiwashe taa wala kiberiti. Afungue mlango na madirisha, afunge mtungi ikiwa aweza, kisha watu wote watoke.

9. Mwenye fedha kidogo aanzie wapi?

Si lazima kufanya yote kwa mwezi mmoja. Utaratibu niliofuata mimi ni huu. Kwanza, mlango ufunguke upesi. Komeo jepesi na kidaraja cha mawe hazina gharama kubwa. Pili, hewa, kung'oa mbao nilizozipigilia dirishani hakukunigharimu hata senti moja. Tatu, mlango wa vipande viwili, nilipopata mninga mkavu. Nne, wavu. Rangi ilikuja mwisho kabisa.

Na kabla ya kumwita fundi, mwulize yule apikaye. Mimi ninaandika maneno haya, lakini ni mama watoto aliyeniambia kwamba dirisha la zamani lilikuwa juu mno, hata asiweze kumwona mtoto uani, na kwamba bawaba ziwekwe kushoto, kwa sababu mkono wake wa kulia ndio ushikao ndoo. Mambo hayo mawili hayakuwamo katika daftari langu. Sasa yamo. Mkono wake una kovu hata leo, nami nikiketi jioni namwona kupitia kipande cha juu cha mlango, akipika mwangani, na kikohozi kimekwisha.

Maswali kwa waalimu na wanafunzi

1. Andika safu tatu za jiko la nyumbani kwenu: vipasavyo kutoka, vipasavyo kuingia, na visivyopasa kuingia. Mlango wenu watimiza zipi?

2. Jiko lina urefu wa mita 4 na upana wa mita 3. Kwa kanuni ya sehemu 1 ya 10, lahitaji madirisha mangapi yenye sentimita 60 kwa 50?

3. Chora nyuma ya mlango wa mbao wenye bawaba upande wa kushoto, uonyeshe mahali pa mguu na kichwa cha mshazari. Eleza sababu.

4. Kwa nini mwenye mtungi wa gesi ahitaji tundu la chini, na mwenye meko ya kuni ahitaji tundu la juu?

5. Leo jioni, ukiwa umefumba macho, jaribu kufungua mlango wa uani wa kwenu kwa mkono mmoja. Kesho waambie wenzako ulivyoona.